Wauza matangi ya samaki, tajeni unene wa kioo kabla ya kupokea pesa zetu

Wakuu, salaam.

Huu ni uzi wa malalamiko, sizunguki. Biashara ya matangi ya samaki ya nyumbani hapa Dar, na mikoani ni vilevile, imejaa watu wanaouza kioo chenye taa ya bluu na kokoto za rangi, basi. Mnunuzi haambiwi unene wa kioo, haambiwi lita halisi, haambiwi tangi linatakiwa likae wiki ngapi kabla ya kutiwa samaki. Samaki wakifa ndani ya wiki mbili anaambiwa "hawa walikuwa dhaifu, chukua wengine", na analipa tena. Huo siyo udhaifu wa samaki. Sababu zinajulikana na muuzaji anazijua.

Kwanza kioo, maana hapa ndipo watu wanapoumizwa zaidi. Matangi mengi ya kuchongesha yanatoka kwa mafundi wa madirisha, na fundi anakata kioo alichonacho dukani: mm 4 au mm 5. Tangi la urefu wa sm 60, upana sm 30 na kimo sm 30 linakubali mm 5, ingawa mm 6 ndiyo ya kulala usingizi. Ukifika sm 90 kwa kimo cha sm 45, dai mm 8 na mkanda wa kioo wa kukaza juu. Sm 120 kwa kimo cha sm 50, ni mm 10. Kinachosukuma kioo ni kimo cha maji, na msukumo mkubwa uko chini. Urefu wa kioo nao unakifanya kipinde kirahisi zaidi. Sasa fundi anakwambia "ni mm 5 lakini silikoni nimejaza ya kutosha". Silikoni haizuii kioo kupinda! Kioo kikipinda, kiungo kinavutwa muda wote, na siku kikiachia lita zote zinamwagika sebuleni, pamoja na soketi na waya zilizopo chini.

Usikubali maneno, pima. Kingo za juu ziko wazi, weka rula uone mm ngapi. Likijazwa maji, chukua rula ndefu ya bati iliyonyooka, ilaze juu ya kioo cha mbele kwa mlalo, karibu na katikati ya kimo. Ikigusa katikati huku ncha zake zikiacha mwanya unaoonekana, kioo kimepinda, rudisha. Angalia pia kiungo chenyewe kwa tochi ya simu: silikoni iwe nyeusi au angavu mfululizo. Ukiona mapovu ya hewa yameungana yakawa njia kutoka ndani hadi nje, hapo ndipo litakapovujia. Kioo kisikae kikavu juu ya kioo. Kati yao panatakiwa utando wa silikoni wa kama mm 1 hivi.

Na silikoni yenyewe! Kuna watu wanaunga matangi kwa silikoni ya bafuni, ile iliyowekewa dawa ya kuzuia fangasi. Dawa ile ni sumu kwa samaki. Inayotakiwa ni silikoni tupu, isiyo na dawa, na kopo linasema. Harufu ya siki isikudanganye, kwa sababu ya bafuni nayo hunuka siki wakati inakauka. Halafu muda: tangi linaungwa Jumatatu, Jumanne limeshapakiwa kwenye bajaji. Silikoni nene hukauka mm 2 hadi 3 kwa siku, kutoka nje kwenda ndani. Ipe wiki nzima. Kama bado linanuka siki, ndani haijakauka.

Lita nazo ni utapeli mwingine. Tangi linaandikwa "lita 100" huku vipimo vya nje ni sm 60 kwa 35 kwa 40. Zidisha, gawa kwa 1,000: ni lita 84. Toa unene wa kioo, toa sm 4 za juu zisizojazwa, toa nafasi ya kokoto, unabaki na lita 65 hivi. Kwa lita hizo unauziwa goldifishi sita! Goldifishi wa mkia mrefu anafika sm 15 na zaidi, na uchafu wake ni mwingi. Lita 65 hazimtoshi hata mmoja akikua. Samaki aitwaye oska anauzwa akiwa sm 5 na anafika sm 30. Yule mla mwani anayeganda kwenye kioo naye anauzwa kama kidole, lakini aina inayouzwa zaidi inavuka sm 40. Muuzaji ananyamaza.

Kuhusu mabakuli ya mviringo, acheni kuyauza kama makazi ya samaki. Samaki anapata oksijeni inayoingilia juu ya maji, kwa hiyo eneo la juu ndilo la kupima. Tangi la sm 60 kwa 30 lina sentimita 1,800 za mraba juu. Bakuli lenye mdomo wa sm 15, likijazwa hadi shingoni, lina kama 177. Ni chini ya moja ya kumi. Na hapo Dar maji yenyewe ni nyuzi 28 au 30: maji ya nyuzi 20 yanabeba takriban mg 9 za oksijeni kwa lita, ya nyuzi 30 yanabeba 7.5. Ndiyo maana goldifishi anayependa maji ya baridi anashinda juu, mdomo wazi, matamvua yanapiga haraka haraka. Mtu anadhani ana njaa, anamtupia chakula, maji yanaharibika zaidi.

Kisha ile "seti kamili". Mteja wa Dar anauziwa hita ya kupasha maji! Sebule ya Dar haihitaji hita. Anayehitaji ni mtu wa Njombe, Mbeya, Arusha au Nairobi ambako usiku unapoa, na huko hesabu ni wati 1 kwa lita. Pesa ya hita ingenunua filta bora. Filta isukume maji yote ya tangi mara 4 hadi 6 kwa saa, na namba iliyo kwenye boksi hupimwa bila sponji ndani, kwa hiyo ongeza.

Lakini kinachoua samaki wengi kuliko vyote ni tangi kuuzwa asubuhi na samaki kuingizwa jioni. Samaki hutoa amonia, ambayo ni sumu, zaidi kupitia matamvua, na kinyesi chake kikioza huiongeza. Bakteria wa kundi la kwanza huigeuza kuwa nitriti, ambayo bado ni sumu, na wa kundi la pili huifanya nitrati, ambayo unaipunguza kwa kubadilisha robo ya maji kila wiki. Bakteria hao huchukua wiki 4 hadi 6 kujaa kwenye sponji. Washa filta, tupia chakula kidogo kila siku kioze, pima mpaka amonia na nitriti zipande kisha zote zirudi sifuri, ndipo utie samaki wawili watatu. Maji ya bomba yenye klorini yawekee dawa ya kuondoa klorini, au yaache kwenye ndoo wazi saa 24 pampu ya hewa ikipuliza. Muuzaji mwenye matangi yanayofanya kazi angeweza kumkatia mteja kipande cha sponji chafu kutoka kwenye filta yake, na wiki hizo zingepungua sana. Haimgharimu chochote. Hawafanyi!

Kinachoniudhi kabisa ni hiki. Ziwa Tanganyika ni letu, pamoja na Burundi, Kongo na Zambia, na samaki wa mapambo wa Kigoma wanajulikana kwa wafugaji wa Ulaya. Wanapenda maji magumu (yenye madini mengi) na pH, yaani kipimo cha uasidi, ya 8.6 hadi 9, nyuzi 24 hadi 27. Kuna wale wadogo wasiofika sm 6 wanaoishi ndani ya maganda ya konokono, na tangi la sm 60 lenye mchanga wa sm 5 na maganda 15 linawatosha kundi zima. Maji mengi ya visima ni magumu tayari (pima kwanza, na yakiwa na chumvi ya bahari usiyatumie). Badala yake mteja anasukumiwa goldifishi.

Wauzaji mliomo humu, jibuni hapa hapa: kioo mm ngapi, silikoni gani na imekauka siku ngapi, lita za ndani ngapi?

NYONGEZA: Wameuliza stendi. Tangi la sm 90 kwa 45 kwa 45 lenye kioo cha mm 8 ni kama kilo 32 tupu. Ukiweka maji na kokoto unafika kilo 220 hivi. Stendi ya TV ya mbao za kubandika haibebi hiyo. Tafuta chuma cha kuchomelea au mbao ngumu, hakikisha kwa pimamaji kwamba imekaa sawa pande zote mbili, na kama tangi halina fremu ya plastiki, weka povu gumu la sm 1 chini yake ili chembe moja ya mchanga isipasue kioo. Lisikae dirishani, jua litalijaza mwani. Kila waya ushuke chini ya soketi kabla ya kupanda, ili tone la maji lidondoke sakafuni.

NYONGEZA 2: Umeme ukikatika, pampu ya hewa ya betri na sponji moja zinatosha kuwavusha. Filta ya kopo (ile iliyofungwa, inayokaa nje ya tangi) iliyozimika saa nyingi usiiwashe tu. Ifungue, mwaga maji yaliyolala ndani, suuza sponji kwenye maji ya tangi, siyo ya bomba, ndipo uiwashe. Na aliyeuliza kuhusu tangi linalovuja: silikoni mpya haishiki juu ya ya zamani. Kwangua kwa wembe ukanda wote wa ndani, futa kwa spiriti, paka upya pembe zote kwa siku moja, subiri wiki, kisha lijaze uani saa 48 juu ya magazeti makavu. Gazeti likilowa, rudi kwa aliyekuuzia ukiwa na picha.