Electra Glide ya zamani: kaseti ya Bluetooth, kidude cha FM au nitoe redio nzima? Naomba ushauri

Msafiri_HTX
Wakuu habari zenu. Nimenunua pikipiki, Harley Electra Glide, kwa mzee mmoja hapa Houston ambaye magoti yamemkataza kuendesha, chuma iko safi sana, redio ya kiwandani inawaka, FM inashika na spika mbili za mbele zinapiga bila kukwaruza. Tatizo haina pa kuchomeka simu na mimi kila kitu kiko kwenye simu, taarab, rumba, mahubiri, mpira. Mwezi ujao napanda Kansas City kwenye harusi ya shemeji, ni maili zaidi ya 700, siwezi kukaa na stesheni za njiani tu. Nalinganisha ile kaseti ya adapta (inaingia kwenye redio kama kaseti na kupitisha sauti ya simu), kidude cha FM cha kuchomeka kwenye lighter kinachorusha sauti ya simu mpaka kwenye redio, au nitoe redio yote niweke mpya. Pesa ipo ila si ya kuchezea. Nyie mngefanya nini?

fundi_waya
Hongera mkuu kwa chuma. Ila swali lako halijibiki hivyo lilivyo, hujasema mwaka. Electra Glide "ya zamani" inaweza kuwa ya 1990 na inaweza kuwa ya 2008, na hapo majibu ni mbingu na ardhi. Kuanzia 2006 waliweka redio ya Harman Kardon yenye tundu la AUX la kuchomeka simu kwa waya, hiyo unanunua waya tu unamaliza. 2014 ikaja redio ya Boom! Box na Bluetooth yake. Kama ni ya kabla ya 2006 ndio kuna kazi. Tupe mwaka, sema ni toleo la Classic au Ultra, sema kama unabeba abiria, na kwenye helmeti umezibwa masikio au uko wazi.

Muscat_Winga
Kaka ungenitafuta kabla hujanunua. Mimi niko Muscat nina Gold Wing ya Honda, na wenzangu wengi hapa wako kwenye Gold Wing, hayo matatizo hatuna. Sauti inapanda yenyewe ukiongeza mwendo, ukisimama kwenye taa inashuka. Na 2018 Honda ndio walikuwa wa kwanza kuweka Apple CarPlay (mfumo wa kutumia iPhone kwenye kioo cha dashi) kwenye pikipiki. Uza hiyo chukua Winga hata ya mkononi.

Baba_Faraja
Sasa mtu kauliza redio wewe unamwambia auze pikipiki, tumsaidie mwenzetu kwanza. Na Winga za zamani nazo ni kaseti vilevile, hiyo CarPlay ni ya 2018 kuja juu.

Dada_Zuu_Minnesota
Mimi naona wote mnazunguka. Achana na spika za pikipiki, nunua intakom ya helmeti, Cardo au Sena, unaunganisha simu kwa Bluetooth, muziki unakuja sikioni, ramani inakuongoza na simu unapokea. Nilikuwa na pikipiki yenye spika kubwa za mbele, ukifika maili 70 kwa saa husikii maneno ya wimbo, unasikia bezi na upepo. Pesa utakayoweka kwenye redio mpya inanunua intakom nzuri na siku ukibadilisha pikipiki unahama nayo.

Msafiri_HTX
Samahani wakuu nilikuwa kazini. Ni ya 1999, Electra Glide Classic, injini Twin Cam 88. Redio ina kaseti, nimejaribu kaseti ya zamani ya mama inacheza vizuri tu. Napanda peke yangu mara nyingi, wife anapanda safari fupi. Helmeti nusu, ile ya wazi. Dada Zuu intakom nimeifikiria ila kwa helmeti nusu sijui spika zitakaa wapi, na mimi napenda muziki utoke mbele yangu kwenye hewa. Kitu kingine sitaki kukata kitu chochote, mzee aliitunza miaka yote hiyo haina waya hata mmoja uliounganishwa kienyeji.

fundi_waya
Sawa, sasa tunaongea. Kwa 1999 isiyotakiwa kukatwa mimi nakwambia usiangalie hayo matatu yako, kuna la nne. Kuna moduleta ya FM ya waya, si kile kidude cha lighter. Inakaa katikati ya waya wa antena na redio, ukiwasha swichi yake inakata antena ya nje na kuingiza sauti ya simu moja kwa moja kwenye redio kwa masafa unayochagua. Stesheni haiwezi kuingilia kwa sababu antena imekatwa. Ukizima, redio inarudi kama kawaida. Unahitaji umeme wa 12V unaowaka na swichi ya funguo, eathi, na plagi mbili za antena, basi. Ukitaka kuuza pikipiki unachomoa, hakuna anayejua. Ila kabla hujanunua vua kava uone ncha ya waya wa antena ikoje, maana zinatofautiana.

Kile kidude cha lighter kwa safari yako kitakuudhi. Sheria ya Marekani imebana nguvu yake ya kurusha iwe ndogo sana, na antena yako iko nyuma kabisa wakati kidude kiko mbele. Porini Oklahoma itapiga safi, ukiingia Dallas stesheni zimejaa kila kona, utakuwa unatafuta masafa huku unaendesha na hilo sipendi mtu afanye. Kama utalazimika, tumia masafa ya desimali ya witiri, 88.1, 88.3, maana redio za huku zinaruka kwa hatua hiyo, vidude vingine vinarusha 88.2 redio yako haiipati sawasawa.

Shebby_254
Hapo kwa masafa naongeza. Huku Nairobi tunateseka na redio za Japani, zimetengenezwa kushika 76 hadi 90, na stesheni zetu nyingi ziko juu ya hapo mpaka 108. Kuna jamaa wa group yetu aliimport tourer (pikipiki ya safari ndefu) kutoka Japani na redio yake ni hiyo, akaweka ile FM expander ya magari, kiboksi cha kushusha masafa ya juu yaingie kwenye redio, ikashika lakini namba kwenye kioo hazilingani na stesheni. Sasa kwa huyo, kidude cha FM kilisaidia kwa sababu alikirusha 87.9 ambayo iko ndani ya 76 hadi 90, na huku nje ya mji hapo chini hakuna mtu. So inategemea uko wapi.

Baba_Faraja
Mimi naomba nimwambie ndugu yetu kuhusu kutoa redio nzima, maana yeyote atakayemwambia "weka mpya tu usisumbuke" hajui anachosema. Nina Electra Glide ya 2001, redio kama yako. Nilipeleka duka moja la redio za magari, sitalitaja, wana sifa nzuri kwa magari na wakaniambia pikipiki ni kitu kilekile. Nikanunua redio ya boti, nzuri kabisa, haiingii maji, kioo kinasomeka juani, ni saizi ya 1-DIN, milimita 180 kwa 50, na lile tundu la redio kwenye dashi la Harley la miaka hiyo linakubali ukiwa na fremu yake. Nimefika jioni kuchukua, redio inawaka rangi kama duka la simu, muziki safi. Nikaondoka.

Siku ya kwanza barabarani nikaongeza sauti, nikaona mshale wa spidi unatikisika. Nikapunguza, ukatulia. Nikaongeza tena, safari hii mshale ukalala sifuri na mita ya RPM, ya mizunguko ya injini, nayo ikalala, redio kimya. Niko haiwei, magari makubwa pembeni, sijui mwendo wangu. Nikatoka kwenye exit, nikasimama sheli, nikavua kava la mbele palepale. Nilichokikuta mpaka leo kinaniuma. Walikata plagi ya kiwandani yote, wakaunganisha waya kwa kusokota na kuzungushia utepe mweusi, na utepe wenyewe kwa joto ulishaanza kuteleza, gundi imetoka inanata vidoleni. Umeme wa redio mpya waliuchukua kwenye waya wa mita za dashi badala ya kuvuta waya mpya wenye fyuzi yake kutoka kwenye betri. Redio ile ina amplifaya ndani, ukiongeza sauti inavuta umeme mwingi, fyuzi ya mita ikakatika. Na vitufe vya redio kwenye usukani vyote vimekufa, kwa sababu hawakuweka kile kiboksi cha kutafsiri vitufe, waya zake walizikunja tu wakazisukuma nyuma. Kurudishia plagi ya kiwandani nimetafuta kwa muda mrefu na fundi aliyenirudishia alikaa nayo wiki nzima akiunganisha waya mmoja mmoja kwa kuusoma kwenye mchoro.

Kwa hiyo redio mpya si mbaya, redio yenyewe mpaka leo ninayo na inapiga. Lakini usimpe mtu ambaye hakuonyeshi kwa macho yako plagi ya adapta inayochomeka kwenye plagi ya kiwandani. Akishika mkasi, chukua funguo zako uondoke.

Dada_Zuu_Minnesota
Pole sana Baba Faraja, hiyo ya mita kulala haiwei imenishtua. Ndio maana nasema intakom, hakuna waya unaogusa pikipiki.

Muscat_Winga
Dada Zuu hapo nakuunga mkono nusu. Mimi spika za helmeti nazitumia majira ya baridi, kiangazi huku joto linapita 45 helmeti inakuwa jiko na unataka kuifungua kila ukisimama. Na Msafiri, kuhusu kaseti, kama pikipiki inalala nje juani usiache ile kaseti ya Bluetooth ndani, ina betri ndani yake na betri haipendi joto.

mzee_wa_kaseti
Kaseti mnaidharau bure. Kama deki inacheza, ndio njia rahisi kuliko zote na sauti yake ni bora kuliko FM ya hewani, maana kichwa cha adapta kinagusana na kichwa cha deki, hakuna mawimbi ya kuingiliwa. Mambo ya kuangalia ni machache. Safisha kichwa cha deki kwa pamba na spiriti kabla, kina uchafu wa miaka. Kama sauti inatoka upande mmoja, adapta haijakaa sawa, itoe irudishe. Kama deki inaitema au inageuza upande yenyewe, jaribu adapta nyingine, vigurudumu vya ndani vya nyingine ni vibovu na deki inadhani kaseti imekwama. Tatizo kubwa kwenye pikipiki ni ule waya, kifuniko cha deki hakifungi na mvua inaingia. Kwa hiyo kwake ya Bluetooth isiyo na waya, na Muscat kasema kweli, uitoe ukipaki. Dola 20 hivi, akishindwa hajapoteza kitu.

fundi_waya
Mzee kwa sauti sawa, ila deki ya 1999 ina mkanda wa mpira ndani. Leo unacheza, utakaa saa kumi na moja mfululizo kwenye mtikisiko wa Harley? Mimi nisingeweka harusi ya shemeji kwenye huo mkanda.

mzee_wa_kaseti
Mkanda wangu ni wa miaka hiyohiyo na unazunguka. Na moduleta yako inahitaji kuvua kava lote la mbele, mtu hajawahi kuvua atakwangua rangi.

fundi_waya
Kuvua si kazi ya kuogopa. Tandika blanketi nene juu ya madigadi ya mbele na juu ya tangi, fungua skrubu za kioo, kisha zile za ndani, shika kava kwa mkono mmoja wakati unatoa ya mwisho maana linashuka mbele lenyewe, chomoa plagi ya taa kubwa, umemaliza. Msafiri ukifika Dallas pita kwangu tufanye pamoja, uko njiani kabisa.

Halafu jambo ambalo hakuna aliyelitaja. Njia yoyote ya waya utakayotumia, ukichaji simu kwa umeme wa pikipiki huku muziki unatoka kwenye simu hiyohiyo, unaweza kusikia mlio mwembamba unaopanda ukivuta moto na kushuka ukiachia. Si spika, ni eathi mbili zinagombana. Kuna kiboksi kidogo chenye transfoma ndani cha kuweka kwenye waya wa sauti, kinaondoa. Au tumia kipokeo cha Bluetooth, simu ichaji upande wake. Simu nyingi sasa hazina hata tundu la hedifoni, iPhone waliondoa tangu 2016.

Shebby_254
Na mbona asitumie tu earphone za kawaida ndani ya masikio? Bei rahisi.

Dada_Zuu_Minnesota
Shebby, California kwa mfano sheria inakataza kuziba masikio yote mawili ukiwa unaendesha. Asome sheria za kila jimbo atakalopita. Ila vizibo vya masikio vya upepo ni kitu kingine na kila mtu avae, kwa mwendo wa haiwei upepo ndani ya helmeti unapita desibeli 90 na masikio hayarudi.

Baba_Faraja
Sasa akivaa vizibo, spika za mbele atasikiaje?

Dada_Zuu_Minnesota
Ndio maana nasema intakom kaka.

Kobe_wa_Ohio
Nimesoma uzi wote nashangaa hakuna aliyeuliza la muhimu. Twin Cam 88 ya 1999, umeangalia tensiona (vikaza) za cheni ya kamshafti, ile shafti ya kufungua valvu za injini? Kuanzia 1999 mpaka 2006 zile zilikuwa za springi, zina kiatu cha plastiki kinachokandamiza cheni, kinaliwa, vipande vinaingia kwenye pampu ya oili. Injini inakufa hujasikia kelele yoyote. Wengi tunafungua kuangalia ikifika maili 20,000 hadi 25,000. Yako ina maili ngapi?

Msafiri_HTX
Duh. Ina 31,000 na mzee hakuniambia kama zimebadilishwa. Stakabadhi alizonipa ni za oili na matairi tu.

Kobe_wa_Ohio
Basi usiende Kansas City kabla hujafungua. Ni kifuniko cha upande wa kulia, utaona viatu kwa macho. Hiyo pesa ya redio ishike kwanza.

Baba_Faraja
Hapo Kobe kasema. Mimi tensiona zangu nilibadilisha nikaweka za hidroliki, zinazokazwa na shinikizo la oili badala ya springi, na pampu mpya, sikujuta.

Msafiri_HTX
Asanteni wote kwa kweli. Nimeagiza kaseti ya Bluetooth ya dola 18 kwa sasa, moduleta nitaamua nikikutana na fundi_waya kama safari ipo. Kobe, hiyo ya hidroliki ni lazima kubadilisha na kamshafti zenyewe au zinakubali za zamani?

Kobe_wa_Ohio
Kuna seti kamili na kuna ya kubadilisha viatu tu, bei zinatofautiana sana. Fungua uzi mpya kule kwenye injini, weka picha za viatu ukishafungua, tutakuja.

Muscat_Winga
Gold Wing haina hayo.