Naomba ushauri: msitu wa kijiji kuwa hifadhi

Habarini wakuu, kijijini kwetu tuna msitu wa miombo watu wa mkaa wanaumaliza, sasa tunataka tuutangaze kuwa msitu wa hifadhi wa kijiji. Sheria ya Misitu ya 2002 nimeisoma, inaruhusu, mkutano mkuu wa kijiji ukishakubali na mpango wa usimamizi uwepo, hapo niko sawa. Ngoma ipo kwenye sheria ndogo, mkutano ushapitisha lakini mpaka halmashauri ya wilaya iidhinishe, na huko faili limelala tu njoo kesho njoo kesho. Je kamati ya maliasili inaweza kuanza kutoza faini kabla ya idhini au tutashindwa mahakamani? Na mpaka na kijiji jirani wenyewe hawautambui, tuanzie wapi wajuvi?