Gumzo la ukoo: bootlessly na viatu wapi na wapi

Salma: Shikamooni wakubwa. Kwenye zoezi la Kiingereza kuna sentensi "he pleaded bootlessly". Ina maana alisihi akiwa pekupeku?

Baraka: Boot ni buti, less ni bila. Ndiyo hivyo.

Mjomba Idi: Marahaba Salma. Hapana, miguu haimo kabisa. Maana yake bure, bila faida. Mtu kahangaika weee, kaambulia patupu.

Salma: Sasa buti limeingiaje, mjomba?

Mjomba Idi: Halikuingia. Ni maneno mawili yaliyokuja kufanana tu. Boot ya mguuni Waingereza waliipata kwa Wafaransa. Hii nyingine ni yao tangu Kiingereza cha kale. Ilikuwa bot: dawa, nafuu, faida. Better na best ni ndugu zake.

Mjomba Idi: Na katika sheria zao bot ilikuwa fidia. Mfalme Æthelberht wa Kent, mwanzoni mwa karne ya 7, aliandikisha viwango kiungo kwa kiungo. Ukimkata mtu sikio, shilingi 12. Kidole gumba, shilingi 20.

Shangazi Mwajuma: Kumbe kama dia, shemeji.

Mjomba Idi: Haswa, shemeji. Lakini zamani za mfalme Cnut, aliyetawala Uingereza 1016 hadi 1035, sheria ikataja makosa yasiyolipika: kuchoma nyumba, wizi wa wazi, kumsaliti bwana wako. Hayo yakaitwa botleas. Ulete mali yote uliyonayo, hukomboleki! Ndiyo maana nalipenda neno hili. Lilimhusu mtu aliyefungiwa kila mlango, baadaye ndipo likawa la juhudi isiyozaa kitu.

Baraka: Bado watu wanalisema?

Mjomba Idi: Ni nadra, wengi husema in vain. Vitabuni utalikuta. Shakespeare katika Soneti ya 29, iliyochapwa 1609, ana "bootless cries", vilio anavyoisumbua navyo mbingu iliyo kiziwi. Ukiongeza -ly unapata kielezi chako, Salma.

Salma: Basi niandike "alisihi bila mafanikio"?

Mjomba Idi: Ni sahihi ila imepoa, kama taarifa ya ofisi. Andika "alisihi wee, asisikilizwe".

Baraka: Na ile "to boot"?

Mjomba Idi: Bot hiyohiyo. Faida ya nyongeza, "tena juu yake".

Salma: Asante mjomba, naandika sasa hivi.