Mjadala: Noti mapema na muda wa ziada kwa mwanafunzi mwenye ulemavu, ni haki yake au ni hiari ya mhadhiri?

Dada wa Wendani

Hamjambo nyote. Nina mdogo wangu wa kike, yuko mwaka wa pili katika chuo kimoja hapa Nairobi, sitakitaja. Macho yake yanaona kidogo sana. Ubaoni haoni kitu, na maandishi ya kawaida huyasoma akiwa ameyasogeza hadi puani. Anaomba slaidi kabla ya mhadhara ili azikuze kwenye simu, karatasi ya mtihani ichapishwe kwa herufi kubwa, na aongezewe muda. Muhula huu mhadhiri mmoja humtumia kila kitu Jumapili jioni bila kukumbushwa. Mwingine amemwambia mbele ya darasa zima kwamba chuo kikuu si shule ya msingi, hakuna wa kumshika mkono. Wote wawili wanafundisha katika jengo lile lile. Je, chuo kimlazimishe kila mhadhiri, au kila mmoja afuate moyo wake? Mimi nasema kimlazimishe. Nataka kuwasikia wanaopinga, hasa walio kazini.

Mwalimu wa Jioni

Dada, mimi niko kazini, kwa hiyo nikujibu. Nafundisha kwa mkataba wa muda katika vyuo viwili, na darasa moja lina watu zaidi ya mia mbili. Malipo ya muhula uliopita bado nayangoja. Sijawahi kuletewa barua inayosema fulani anahitaji hiki au kile. Mwanafunzi hunisimamisha mlangoni asubuhi ya mtihani, karatasi zimeshafungwa kwenye bahasha, ndipo ananiambia ana shida ya macho. Nifanye nini saa hiyo? Nikimwongezea muda bila idhini ya ofisi ya mitihani, kesho mimi ndiye ninayeitwa kujieleza. Msituite wakatili. Na tuseme ukweli, huo muda nao hugawanywa ovyo. Nimewahi kusimamia ukumbi ambamo kijana wa kiti cha magurudumu alipewa nusu saa sawasawa na asiyeona. Kwani yeye anaandika kwa miguu?

Magurudumu Thika Road

Mwalimu, nilikuwa nakubaliana nawe neno kwa neno mpaka ulipofika hapo mwisho.

Nikueleze basi. Mwenye mtindio wa ubongo anaweza kuwa kwenye kiti na vidole vyake pia havimtii, kalamu inamtoroka. Mimi shida yangu ni jeraha la uti wa mgongo. Siwezi kukaa saa tatu bila kujiinua kwa mikono kila mara, la sivyo napata vidonda vya kukaa, na vidonda hivyo huua watu. Kila ninapojiinua, kalamu iko chini. Nikienda chooni si dakika mbili kama zako, maana kwanza nikitafute choo ambacho mlango wake unapitisha kiti.

Sasa siku yenyewe. Ukumbi uko orofa ya tatu, lifti ina kufuli, na mwenye ufunguo hajafika. Nimebebwa mgongoni kama gunia la viazi, kiti kikifuata nyuma. Naanza kuandika mikono ikitetemeka na wenzangu wako swali la pili. Hiyo nusu saa unayoiona ni zawadi ilikuwa yangu, nimeipoteza kwenye ngazi zenu.

Mkaazi wa Ngara

Lifti! Umegusa penyewe. Tulikosoma sisi ilikuwa na kibandiko: wafanyakazi pekee. Miaka yote niliyokaa pale sikuwahi kumwona mwanafunzi wa kiti ndani yake, lakini chai ya ofisini ilipanda nayo kila saa nne.

Orofa ya Sita

Tusilaumu wafanyakazi tu. Kwetu lifti iko wazi na wanafunzi ndio wanaoiua. Vijana wenye miguu mizima wanajazana kumi na tano ndani, inakwama, inakaa mwezi bila fundi. Mimi nikikuta mtu mzima kabisa ndani namwambia atoke apande ngazi. Nimewatoa wengi na nitaendelea kuwatoa.

Damu Yangu

Kumbe ni watu kama wewe. Ndugu yangu, mimi nina selimundu. Seli zangu za damu hujikunja na kuziba mishipa, na nikijichosha au nikikaa bila maji naweza kushikwa na maumivu yanayonipeleka hospitali wiki nzima. Hata siku njema damu ni haba, ngazi za orofa mbili zinanimaliza pumzi. Sina fimbo, sina kiti, navaa viatu vya michezo kama kila mtu. Nimeshatolewa kwenye lifti mbele ya watu na mtu aliyedhani anawatetea walemavu. Nikapanda ngazi kwa aibu ya kubishana.

Orofa ya Sita

Pole, lakini nitajuaje? Sisomi damu ya mtu kwa macho. Vaeni kitambulisho.

Damu Yangu

Nivae ugonjwa wangu shingoni ili wewe uridhike? Nani amekupa ulinzi wa ile lifti?

Orofa ya Sita

Aliyeachwa chini na kiti chake ndiye aliyenipa. Nilimwona kwa macho yangu akingoja zamu tatu na kila mara imejaa.

Mama Kayole

Wanangu, tulieni. Nyote mnamtetea mtu yule yule. Kwani kadi ya Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu ni ya nini? Mtu hupimwa hospitali ya serikali, daktari anajaza fomu, ndipo anasajiliwa. Wangu wa kiume ana kifafa na mkimwona hamwezi kujua. Chuo kione hiyo kadi mara moja, kimpe ruhusa yake, na asiulizwe tena na kila bawabu. Lakini na nyinyi mjue kuipata ni nauli na foleni, na daktari anayehitajika huenda yuko siku moja tu kwa wiki. Aliye na kwao Turkana na amekuja kusoma Nairobi anaanzia wapi?

Mlipa Ushuru

Kadi hiyo hiyo inawaondolea kodi. Sasa mnataka lifti, muda wa ziada, mkalimani, karatasi za pekee. Vyuo vya umma vimezama kwenye madeni, wahadhiri wanagoma kila mwaka, wanafunzi wanalia na karo tangu mfumo mpya wa ufadhili wa 2023. Siwachukii. Nauliza pesa ziko wapi, na hakuna anayejibu.

Nukta Sita

Nitakujibu mimi, kuanzia hapo kwa kodi maana umepagusa vibaya. Msamaha ni wa shilingi 150,000 za kwanza za mapato ya mwezi. Ili uufaidi lazima kwanza uwe na mapato, halafu uombe cheti KRA, mamlaka ya kodi. Mwanafunzi anayeishi kwa pesa za HELB, bodi ya mikopo ya wanafunzi, hana kodi ya kusamehewa. Kwa hiyo usimhesabie kitu ambacho hakijawahi kumfikia.

Sasa turudi kwenye swali la Dada, kwa sababu mmelipoteza humo kwenye lifti. Mimi sioni kabisa, na nimemaliza chuo. Shule ya upili mambo yalikuwa yamepangwa: kwenye mtihani wa KCSE karatasi ilikuja kwa Breli na dakika 30 zaidi, na hakuna aliyedai nimependelewa. Breli husomwa kwa kidole, herufi moja baada ya nyingine. Hata aliyeizoea tangu utotoni kwa kawaida huenda kama nusu ya kasi ya anayesoma kwa macho, na huwezi kurusha jicho juu ya ukurasa kutafuta swali jepesi. Nilipofika chuo, ule mpango wote ulikatika. Ikawa kila muhula naanza upya, mhadhiri kwa mhadhiri, kujieleza na kubembeleza.

Mzigo mkubwa ulikuwa noti. Kompyuta yangu ina NVDA, programu ya bure inayosoma skrini kwa sauti. Ukinitumia maandishi yaliyochapwa, nasoma sawa na nyinyi. Lakini wahadhiri wengi hupiga kurasa picha, wanazigeuza PDF na kuzituma. Kwa NVDA hiyo ni picha tupu, haina neno la kusoma. Mtu ana faili la awali kwenye laputopu yake, lile alilolichapa mwenyewe, na ananitumia picha. Kulituma faili lenyewe ni shilingi ngapi, Mlipa Ushuru? Hata vitabu si lazima vinunuliwe upya. Kenya iko ndani ya Mkataba wa Marrakesh tangu 2017, na mkataba huo unaruhusu kitabu kigeuzwe Breli au sauti kwa ajili ya wasioona bila kungoja ruhusa ya mwenye hakimiliki. Maktaba ngapi za vyuo zimeutumia?

Mlipa Ushuru

Suala la kodi nimekuelewa. Lakini lifti si ya bure, na mkalimani wa lugha ya ishara si wa bure.

Mikono Inasema

Mimi ni kiziwi na niko mwaka wa tatu. Mkalimani mmoja hawezi saa tatu mfululizo, wanatakiwa wawili wapokezane kila baada ya nusu saa hivi, la sivyo akili inachoka na mimi ndiye ninayepoteza. Nimeletewa mmoja, na muhula huu hata huyo hajaonekana. Nanakili kwa jirani. Mnaniambia pesa hakuna, na karo yangu inadaiwa kamili.

Mrudi wa Leeds

Nilisoma Uingereza. Kule Sheria ya Usawa ya 2010 inakitaka chuo kijiandae kabla mwanafunzi hajafika, hakingoji aombe. Mwanzoni mwa mwaka anakaa na ofisi moja, wanaandika mahitaji yake, na karatasi hiyo inapelekwa kwa idara yake. Harudii kusimulia ugonjwa wake. Na serikali ina ruzuku ya wanafunzi wenye ulemavu isiyolipwa tena na isiyotazama kipato cha wazazi.

Mkaazi wa Ngara

Kila mjadala lazima atokee mtu wa Leeds. Hapa ni Nairobi, ndugu. Basi la chuo lenyewe linasukumwa.

Mrudi wa Leeds

Nimezaliwa Pumwani, sihitaji kukumbushwa hapa ni wapi. Ruzuku nakubali ni pesa. Lakini karatasi moja yenye mahitaji ya mwanafunzi, inayopelekwa na chuo kwa wanaomfundisha, inahitaji pesa gani? Jibu hilo badala ya kunijibu mimi.

Kifungu Kwa Kifungu

Tusiombe kama fadhila. Katiba kifungu cha 54 kinampa mwenye ulemavu haki ya kuingia katika taasisi za elimu na kupata vifaa vya kumwondolea vikwazo. Kinataja lugha ya ishara na Breli kwa majina. Kisha kuna sheria ya watu wenye ulemavu ya 2003.

Mlipa Ushuru

Hiyo ya 2003 imeshaondolewa. Iliyopo ilitiwa saini Mei 2025. Mnatupiga na sheria ambazo hamjazisoma.

Kifungu Kwa Kifungu

Sawa, ya 2025, na ndiyo inayozidi kukubana. Na ule mkataba wa Umoja wa Mataifa tulioridhia 2008 unasema kukataa marekebisho yanayofaa ni ubaguzi. Haukudai miujiza, umeweka mpaka wenyewe: marekebisho yasiwe mzigo uliopitiliza kwa taasisi. Kujenga lifti mpya wiki hii, pengine chuo kitajitetea kwa hilo. Kuhamisha mtihani kutoka orofa ya tatu hadi chumba cha chini, kitajitetea na nini?

Orofa ya Sita

Hapo kwa kuhamisha mtihani ndipo penyewe. Lakini mjue vyumba vya chini kwetu vimegeuzwa kuwa ofisi na duka la kopi.

Damu Yangu

Afadhali hapo unatafuta chumba. Unapotutoa kwenye lifti hutafuti chochote.

Dada wa Wendani

Nimewasoma wote, na wewe Nukta Sita nimemsomea mdogo wangu maneno yako kwa simu. Darasa lao liko chini, lifti haimhusu. Mitihani yao ni mwezi ujao. Mwalimu wa Jioni, uliandika kwamba hujawahi kuletewa barua. Barua ya namna gani ikikufikia huwezi kuikataa?

Mwalimu wa Jioni

Asiniandikie mimi, amwandikie mkuu wa idara. Nakala iende ofisi ya mitihani, na nyingine kwa afisa wa wanafunzi wenye ulemavu kama yupo. Aambatishe ripoti ya daktari wa macho na nakala ya kadi. Asiseme tu "herufi kubwa", ataje ukubwa, 18 au 24, maana karani akiachiwa akisie atakuza karatasi kwenye mashine ya kopi hadi isienee mezani. Ataje dakika anazohitaji na aombe akae karibu na dirisha, kama mwanga unamsaidia. Apeleke leo, kabla maswali hayajachapishwa, na apigiwe mhuri kwenye nakala yake. Na slaidi aziombe humo humo. Mimi nikiwa na karatasi ya ofisi mkononi nampa muda wake na simuulizi lolote mbele ya watu. Sikupinga kumsaidia, Dada. Ninachokataa ni kuachiwa peke yangu mlangoni dakika tano kabla ya mtihani, niwe daktari, wakili na msimamizi kwa pamoja.

Dada wa Wendani

Asante, Mwalimu. Anaiandika usiku huu.

Magurudumu Thika Road

Barua umeieleza vizuri na itamfaa binti. Lakini ile ya kuandika kwa miguu hujaigusa tena, Mwalimu, na mimi bado nangoja jibu.