Shombo inarudi kila nikimaliza dawa, chanzo ni nini?

Binti_Katonga: Habari za humu wapendwa. Nina miaka 27, nimeolewa, niko Kigoma mjini. Natokwa na majimaji mepesi ya kijivu ukeni. Hayawashi, ila yana shombo, na tukikutana na mume ndiyo inazidi. Duka la dawa leo wananiambia fangasi, kesho UTI. Natumia dawa, napata nafuu, inarudi. Mama mkwe anasema ni uchafu tu, kanipa sabuni ya mawese niwe najiosha mpaka ndani asubuhi na jioni. Hospitali naona aibu.

Bi_Mkubwa_Ujiji: Pole mwanangu. Kamulia ndimu kwenye maji ya vuguvugu, jisafishe nayo.

Nesi_Mwanga: Bi Mkubwa, shikamoo, lakini ndimu hapana! Mdogo wangu, acha kwanza hiyo sabuni. Huko ndani kuna bakteria wazuri, laktobasili, wanaotengeneza asidi. pH, yaani kipimo cha asidi, huwa kati ya 3.8 na 4.5. Sabuni, tena hii yetu inayopikwa kwa kostiki, inaiua hiyo asidi. Laktobasili wakipungua, bakteria wengine, akina Gardnerella, wanazaliana, nao ndio wenye shombo. Ukiisikia unazidi kuosha, ukiosha unawamaliza wale wazuri waliobaki. Shahawa na damu ya hedhi nazo hupunguza asidi, ndiyo maana baada ya tendo inakolea. Ndimu, shabu, ugoro, manukato, vyote visiingie. Osha nje tu, kwa maji.

Fangasi huwasha na ute wake ni kama maziwa mgando. UTI ni ya njia ya mkojo. Yako haifanani na hizo, inaelekea ni bakteria vajinosisi (BV), yaani hao akina Gardnerella kuzidi ukeni, ila nenda ukapimwe, wanachukua ute kidogo kwa pamba na kuangalia kwenye hadubini. Ikithibitika, kwa kawaida ni dawa ya metronidazo siku 7. Usiikatishe shombo ikiisha siku ya tatu. Na kama una mimba usichelewe kabisa, maana hali hii inahusishwa na kujifungua kabla ya wakati.

Mvuvi_Kibirizi: Samahani kinadada, sisi wanaume hatuhusiki?

Nesi_Mwanga: Mnahusika kaka. Kuwa na wapenzi wengi au mpya bila kondomu kunaongeza hatari. Utafiti wa Australia uliotoka 2025 ulitibu wenza wa kiume pia, kwa vidonge na krimu ya kupaka uumeni. Ndani ya wiki 12 tatizo lilirudi kwa asilimia 35 ya wanawake. Ambao wenza wao hawakutibiwa, asilimia 63. Kwa hiyo Binti, nenda na mumeo mkamuulize daktari. Ila usimrukie kwamba anachepuka, hili peke yake si ushahidi.

Binti_Katonga: Asante dada, kesho naenda. Sasa mama mkwe nimwambieje? Kaniletea miche mingine miwili.

Bi_Mkubwa_Ujiji: Pokea, mshukuru, fulia.