UKOO WA MZEE KITWANA: Scania ya Tabata

*Jumanne*

Rehema 06:48
Assalaam alaykum familia. Jirani wa Tabata anaanza ukuta. Kasema mwisho Jumapili, lori liwe limetoka. Wanunuzi wa chuma chakavu wameshaanza kulizunguka. Mimi nasema liende Kiwangwa likabebe nanasi. Kila msimu tunakodi Fuso ya kutoa mzigo shambani mpaka lami, faida inaishia humo. Naomba kila mtu ajibu LEO.

Rehema 08:15
Tiki za bluu naziona. Semeni basi.

Mama Zuhura 08:31
Waalaykum salaam mwanangu. Nipo kwenye daladala, nitasoma.

Hamisi 09:02
Scania-Vabis ya 1966 hiyo, tuipeleke makumbusho 😂

Kassim Fundi 09:20
Siyo Vabis. Jina la Vabis liliondolewa 1968, na hilo usoni limeandikwa SCANIA peke yake. Ni 110 au 111. Zote injini ya lita 11, silinda sita mstari mmoja. 110 ni ya 1968 mpaka 1974, baada ya hapo ni 111. Dada Rehema, tafuta kibati chenye namba, kikwangue, unitumie picha. Spea siendi kuulizia Gerezani kwa kubahatisha.

Rehema 11:44
[Picha]
Nimekwangua kwa kisu cha jikoni. Naona LS111.

Kassim Fundi 11:51
Safi sana. L ni boneti mbele. S ni ekseli mbili nyuma lakini inayovuta ni moja. Ingekuwa LT, zingevuta zote mbili. Hili ni jambo kubwa kwa Kiwangwa, masika ile njia ya kwetu mnaijua. Angalia ekseli ya mwisho kama ina mtambo wa kuinyanyua. Ukiinyanyua, uzito unahamia kwenye matairi yanayovuta, gari linatoka kwenye tope. Mtambo umekufa? Basi tuufufue kabla ya rangi na mapambo.

Hamisi 11:58
Nakuja na betri ya Noah yangu, tunaliwasha leoleo

Zuberi 11:59
Uje na ile suti ya harusi ya Mwanahawa 😂😂

Hamisi 12:00
Suti aliazima mtu humu na hajarudisha mpaka leo

Zuberi 12:00
Ilipasuka mgongoni, usiulize

Rehema 12:03
Jamani, LORI.

Kassim Fundi 12:26
Hamisi, stata usiiguse. Kwanza umeme wa hilo ni volti 24, betri mbili kubwa, saizi ya N150 au N200. Pili, limelala tangu mzee alipofariki, pistoni zinaweza kuwa zimeganda. Tunatoa nozeli zinazopulizia dizeli, tunamimina oili kidogo kila silinda, inalala usiku kucha. Asubuhi tunaizungusha kwa mkono, taratibu. Ikizunguka raundi nzima bila kugota, ndipo oili mpya, filta, tangi lioshwe, dizeli ya zamani imwagwe yote, tutoe upepo kwenye njia ya dizeli.
Na pampu ya dizeli lazima niifungue. Reki, kile chuma cha ndani kinachopima dizeli, ikiganda ikiwa imefungua dizeli nyingi, injini ikiwaka haizimiki. Inapanda tu mpaka inajivunja. Siku ya kuwasha, mtu asimame na ubao wa kuziba mdomo wa hewa.
Kulivuta ili liwake sitaki kusikia. Na kama handibreki ni ya springi, bila upepo matairi yatagoma tu mpaka tukaze boliti za kwenye chemba za breki.

Baba Mdogo Omari 13:10
Na tela?

Rehema 13:12
Baba Mdogo shikamoo. Hilo lilikwisha siku ya arobaini.

Baba Mdogo Omari 13:15
Marahaba. Lilikwisha kwa nani? Mimi nilikuwa safarini. Tela limeuzwa, hela hakuna aliyeiona, leo mnataka tuchange tena. Aliyeuza yumo humu, kimya.

Shangazi Mwajuma 13:40
Omari, nitaje jina.

Zuberi 13:41
Labda tela nalo lilipasuka mgongoni

Rehema 13:41
Zuberi!!

Babu Seif 16:05
Ni Salma, naandika anavyosema Babu, kaniambia nisipunguze neno.
"Tela nilimwambia Mwajuma auze, mimi Seif. Hela ilinunua miche ya nanasi ya Kiwangwa, na wewe Omari nanasi zake umekula. Ukitaka hesabu njoo nyumbani, usinisemee dada yako mbele ya watoto. Gari hilo tumekwenda nalo Tunduma mimi na baba yenu, tukalala chini yake tukingoja springi. Haliuzwi kwa kilo nikiwa hai. Lakini na hapo Tabata halitoki mpaka kadi yake niishike mkononi. Mali ya marehemu haihamishwi kwa simu."

Rehema 18:22
Shikamoo Babu. Tumesikia.

Hamisi 18:30
Shikamoo Babu 🙏🏾

Shangazi Mwajuma 18:47
Ahsante baba.

Rehema 19:05
Sasa kadi iko kwa nani? Mwenye lobedi, lile tela la kulibeba, anataka nusu ya hela mbele na Jumapili haingoji. Waliotuma mchango mpaka sasa ni Kassim na Mama Zuhura tu.

Mama Zuhura 20:14
Kadi nadhani ipo kwenye kasha la marehemu mama yenu. Ufunguo alichukua Idi.

Rehema 20:15
Idi?

Rehema 21:30
Idi, nakupigia hupokei.

Baba Mdogo Omari 21:52
Nitakuja kwa Babu Ijumaa baada ya swala. Mchango nitajua nikitoka huko.

Kassim Fundi 22:10
Mimi kutoa nozeli hakuhitaji kadi, gari halisogei. Alhamisi asubuhi nipo Tabata. Nani ananifungulia geti?

Idi 23:48
Nipo zamu. Ufunguo nilimpa Zuberi.