ACL kwenye swichi: wageni hawapati IP nikishawafungia seva

mtandao_wa_loji:
Wakuu habari za jioni. Nina swichi ya Cisco Layer 3 (inayopitisha pakiti kati ya mitandao), nimeigawa kwa VLAN, yaani mitandao iliyotengwa ndani ya swichi moja: VLAN 10 ni ofisi (192.168.10.0/24) na VLAN 20 ni waifai ya wageni (192.168.20.0/24). Nataka wageni wapate intaneti tu, wasiguse seva wala kompyuta za ofisi. Nimeandika ACL (orodha ya sheria za kuruhusu au kuzuia pakiti) hivi:

```
ip access-list extended WAGENI
 deny ip 192.168.20.0 0.0.0.255 192.168.10.0 0.0.0.255
 permit ip 192.168.20.0 0.0.0.255 any
interface vlan 20
 ip access-group WAGENI in
```

Sasa aliyekuwa ameshaunganishwa ana IP lakini tovuti hazifunguki, mgeni mpya ndo kabisa simu inazunguka tu haipati IP. DHCP (inayogawa IP) na DNS (inayotafuta IP ya jina la tovuti) zote ziko kwenye seva 192.168.10.5. Nikiitoa ACL kila kitu kinarudi. Nisaidieni jamani

kebo_na_swichi:
Mkuu simu inayoomba IP bado haina anwani, pakiti yake inatoka 0.0.0.0 kwenda 255.255.255.255, haifanani na mstari wako hata mmoja kwa hiyo inaangukia kwenye deny ya mwisho, ile huioni ukisoma list lakini ipo siku zote. Na DNS inakatwa na mstari wako wa kwanza, maana swichi inasoma toka juu, ikikuta unaofanana inaishia hapohapo. Huna haja ya kufuta, mistari yako ni 10 na 20, ingia kwenye list hiyohiyo uchomeke juu yake hii, 5 ni ya DHCP, 6 na 7 ni za DNS:

```
5 permit udp any eq bootpc any eq bootps
6 permit udp any host 192.168.10.5 eq domain
7 permit tcp any host 192.168.10.5 eq domain
```

Zamu_ya_Usiku:
Yuko sahihi. Ila kama unaingia kwa mbali piga `reload in 10` kwanza (swichi ijiwashe upya baada ya dakika 10) na usisevu, ukijifungia nje itajiwasha na mipangilio ya zamani, ikikubali `reload cancel` halafu ndo usevu. Jingine, hiyo ACL haizuii mgeni kuingilia laptopu ya mgeni mwenzake, trafiki ya ndani ya VLAN moja haipiti kwenye interface vlan, hilo lizuie kwenye akses pointi. Na SSH ya swichi yenyewe (njia ya kuingia kuiendesha kwa mbali) bado iko wazi kwao kupitia geitiwei yao, yaani IP ya swichi kwenye VLAN 20, weka access-class (ACL ya wanaoruhusiwa kuingia) kwenye line vty, ndo mlango wa kuingilia kwa mbali.

mtandao_wa_loji:
Imekubali wakuu! IP zinakuja, tovuti zinafunguka, ping kwenda 10.5 inagoma kama nilivyotaka. Hiyo ya vty naiweka sasa hivi kabla sijasevu, asanteni sana